Baada ya fidia: ugumu wa kurejesha riziki za waliohamishwa na miradi mikubwa Mombasa

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, upande wa bara wa Mombasa, kuanzia Changamwe na Miritini hadi Jomvu, na kuvuka maji hadi Dongo Kundu katika Likoni, umekuwa ukipitiwa na mradi mmoja baada ya mwingine. Reli mpya ya SGR, ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na stesheni yake ya abiria ikawa Miritini. Kipevu kumejengwa gati jipya la makontena na baadaye gati jipya la mafuta. Barabara ya mchepuko ya Dongo Kundu inaiunganisha barabara ya Nairobi na Pwani ya Kusini bila gari kupanda feri ya Likoni. Barabara kuu ya Mombasa hadi Mariakani imekuwa ikipanuliwa kwa awamu, na huko Dongo Kundu kwenyewe ardhi imetengwa kwa ajili ya eneo maalumu la kiuchumi. Karibu kila mahali miradi hiyo ilikuta watu: wanaolima, wanaovua, wanaopangisha vyumba, wanaouza chai kando ya barabara.

Mjadala kuhusu watu hao huanza na mara nyingi huishia kwa swali moja, yaani iwapo wamelipwa au hawajalipwa. Ni swali la haki, na wapo wanaolisubiria jibu kwa miaka. Hata hivyo, limejificha ndani yake wazo kwamba mtu akishalipwa basi hesabu imefungwa, na wazo hilo si sahihi. Kulipa fidia ni kazi moja, na kurejesha riziki ni kazi nyingine, yenye wakati wake, bajeti yake na vipimo vyake. Familia inaweza kulipwa kila senti iliyoandikwa kwenye karatasi na bado ikawa maskini kuliko ilivyokuwa kabla tingatinga hazijafika.

Mthamini hupima nini

Tumchukue mama anayepika mahamri na mbaazi karibu na kituo cha matatu Jomvu. Kibanda chake ni nguzo chache, mabati, meza, benchi mbili, jiko la makaa na karai. Mthamini akija na futi kamba yake na daftari, atapima upana na urefu, atahesabu mabati, atauliza kibanda kimejengwa lini, na kazi yake itakwisha kabla chai haijapoa. Tuseme anaandika shilingi 25,000. Tuseme pia kwamba mama huyu hupata faida ya shilingi 700 kwa siku na hufanya kazi siku 26 kwa mwezi, yaani faida ya shilingi 18,200 kila mwezi. Malipo ya kibanda hayafiki mapato yake ya mwezi mmoja na nusu. Ikiwa itamchukua miezi sita kupata wateja wapya mahali pengine, na katika miezi hiyo akapata nusu tu ya faida yake ya zamani, atakuwa amepoteza shilingi 54,600, ambazo ni zaidi ya mara mbili ya kibanda chenyewe. Hasara hiyo haionekani popote katika fomu ya uthamini, kwa sababu siku ya uthamini ilikuwa bado haijatokea.

Na hapo tumehesabu wateja pekee. Kilichokuwa kikimlisha mama huyu ni mtandao mzima. Mwenye duka wa jirani humpa unga na mafuta alfajiri akalipwa jioni, kwa kuwa wanafahamiana. Wateja wake, madereva wa malori na vibarua wa viwandani, hula kwa wiki nzima na kulipa Jumamosi, majina yao yakiwa kwenye daftari la madeni. Shangazi humtazamia mtoto. Nyumba yake iko mwendo wa dakika tano kwa miguu, kwa hiyo hana nauli ya kulipa saa kumi za alfajiri. Anapohamishwa, hupoteza kibanda, mkopo wa unga, mlezi wa mtoto na akiba ya nauli kwa pamoja, na lile daftari la madeni nalo huwa karatasi tupu, kwa sababu wadeni wake wametawanyika vilevile kama yeye.

Mwanasosholojia Michael Cernea, aliyefanya kazi Benki ya Dunia kwa miaka mingi, alizigawa hatari za kuhamishwa katika makundi manane: kukosa ardhi, kukosa kazi, kukosa makao, kusukumwa pembezoni mwa jamii, kukosa uhakika wa chakula, kuongezeka kwa maradhi na vifo, kupoteza mali inayotumiwa kwa pamoja, na kuvunjika kwa mahusiano ya watu. Ukiyatazama makundi hayo na kisha ukaitazama fomu ya uthamini, utaona kwamba fomu inagusa ardhi na makao, na labda inagusia kazi, lakini mengine yote yako nje yake. Cernea alisisitiza pia kwamba fidia peke yake, hata ikilipwa kwa ukamilifu, haina uwezo wa kurejesha kilichovunjika, na kwamba ni lazima iongezewe uwekezaji mwingine unaowalenga waliohamishwa. Nakubaliana naye, na sababu nyingi za kukubaliana naye ziko hapa Mombasa.

Mti wa mnazi unalionyesha jambo hili vizuri. Mnazi mrefu wa Pwani huchukua takriban miaka sita au saba kabla ya kuanza kuzaa, kisha huendelea kuzaa kwa miongo kadhaa. Mwenye mnazi hupata madafu, nazi, makuti ya kuezekea, chelewa za ufagio, na kama ameukodisha kwa mgema, hupata fedha za tembo, yaani pombe ya mnazi. Kipato chake ni kidogo kidogo lakini hakikatiki, na ndicho kinacholipa karo au kununua dawa katika mwezi mbaya. Siku unapokatwa, hulipwa bei moja kwa mara moja. Hata bei hiyo ikiwa nzuri, mwenye mti anatakiwa kupata ardhi nyingine ya kupanda na kuvuka miaka sita bila mavuno, na hakuna anayemuuliza atakula nini katika miaka hiyo sita. Hapa Pwani pia si ajabu mwenye mti na mwenye shamba kuwa watu wawili tofauti, jambo ambalo karani asiyejua mila za huku hulikosea kwa urahisi akaandika jina moja.

Sheria inafika wapi

Ibara ya 40 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka Serikali, inapochukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, ilipe fidia ya haki, kwa ukamilifu na bila kuchelewa. Ibara hiyohiyo inaruhusu fidia kulipwa kwa watu wanaoikalia ardhi kwa nia njema ingawa hawana hatimiliki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imeikabidhi Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi ya kutangaza kusudio katika Gazeti Rasmi la Serikali, kufanya kikao cha kusikiliza madai, na kutoa uamuzi wa malipo. Kanuni za tathmini za mwaka 2017 zinataka bei ya soko iongezwe asilimia 15 kwa ajili ya usumbufu, pamoja na gharama za kuhama zinazokubalika.

Kanuni hizo zinakumbuka hata faida inayopungua, lakini ni faida ya ardhi kati ya siku tangazo linapochapishwa na siku ardhi inapochukuliwa. Yaani sheria inamtazama mtu hadi mlangoni, akishatoka inaacha kumtazama, ilhali riziki nyingi huanza kuanguka siku ile anapotoka. Mabadiliko ya mwaka 2019 yaliongeza njia nyingine za kulipa mbali na fedha taslimu, kwa mfano kubadilishana ardhi kwa ardhi au kupewa hisa, na hilo ni jambo jema. Mabadiliko hayohayo, hata hivyo, yalifafanua malipo ya haraka kuwa ni malipo yanayoweza kufanywa hadi mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa. Kwa mwenye akaunti nono, mwaka mmoja ni wa kuvumilika. Kwa anayeishi kwa mauzo ya leo, mwaka mmoja unatosha kuuza vyombo, kumwachisha mtoto shule na kuingia katika madeni ambayo fidia ikifika itaishia kuyalipa.

Kuna muda mwingine wa hasara ambao sheria karibu haiugusi, nao ni ule kati ya siku alama ya X inapochorwa ukutani kwa rangi nyekundu na siku uamuzi wa malipo unapotolewa. Ukuta ukishachorwa, hakuna anayeufanyia ukarabati, kwani tarehe ya kikomo ya kuhesabu mali imeshapita na chochote kitakachoongezwa hakitalipwa. Wapangaji huanza kuondoka, mafundi hawajengi, na chama cha akiba na mikopo hakikubali nyumba hiyo kama dhamana. Mradi ukisitishwa kwa kukosa fedha kisha ukaanza tena, muda huo unaweza kuwa wa miaka. Biashara inakuwa imekwisha kufa kabla haijahamishwa, na anayekuja kuthamini mapato yake wakati huo anathamini mgonjwa aliyemkuta hoi.

Nyumba bila ardhi

Yote hayo yangekuwa magumu popote duniani. Mombasa yanazidishwa ugumu na historia ya umiliki wa ardhi, ambayo imeacha watu wengi wakiwa na makao wasiyo na karatasi zake. Mwaka 1908 utawala wa kikoloni ulileta sheria iliyowataka wenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani wa maili kumi wawasilishe madai yao ili wapewe hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Jamii nyingi za Wamijikenda, ambazo ziliishikilia ardhi kwa mila na kwa pamoja, zilijikuta hazina hati, na vizazi vyao vikaja kuitwa maskwota katika mashamba waliyozikwa babu zao. Wengine waliobaki na hati walihama, na warithi wao hawajulikani waliko.

Mjini kuna utaratibu mwingine uliozaliwa na historia hiyohiyo. Mtu hujenga nyumba yake katika kiwanja cha mwingine na kumlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Nyumba ni yake, anaweza kuiuza au kuirithisha, lakini ardhi iliyo chini yake si yake. Nyumba za namna hiyo ziko Kisauni, Likoni, Changamwe na hata kisiwani, na mara nyingi ni nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba sita kila upande vitatu, na uani nyuma. Mwenyewe hukaa chumba kimoja au viwili na vilivyobaki hupangisha. Barazani pengine pana mtu anayeuza viazi karai jioni.

Mradi unapopita juu ya nyumba hiyo, chini ya paa moja kuna hasara za aina nne. Mwenye kiwanja anapoteza ardhi na kodi ya ardhi. Mwenye nyumba anapoteza jengo, na pamoja na jengo kodi ya vyumba vinne ambayo kwa wajane na wazee wengi ndiyo pensheni yao pekee. Wapangaji wanapoteza chumba cha bei wanayoimudu karibu na kazi. Muuza viazi anapoteza baraza. Hati ipo moja, na kama anayeendesha zoezi atafuata hati, malipo makubwa yatakwenda kwa mtu wa kwanza, ambaye huenda hajawahi kulala hapo hata usiku mmoja, na wale watatu waliokuwa wakiishi kwa jasho la mahali hapo watabaki na kidogo au bila kitu.

Hata wenye hati hawako salama. Hati nyingi za familia za Pwani bado zina jina la babu aliyefariki zamani. Malipo hayatolewi mpaka warithi wathibitishwe, na kwa Waislamu njia ya kawaida ni Mahakama ya Kadhi. Warithi wengine wako Lamu, wengine Zanzibar, wengine Ughaibuni, na mmoja asiyekubaliana na wenzake anaweza kuizuia hesabu nzima. Reli haimsubiri Kadhi. Familia huondoka na fedha hubaki zimefungiwa. Na zikitoka, kwa kawaida huingia katika akaunti ya mtu mmoja, mara nyingi mwanamume, hata pale ambapo aliyekuwa akiendesha kibanda, kuku na bustani ya mchicha ni mke au mama yake. Hakuna urejeshaji wa riziki unaoweza kufaulu ikiwa fedha zimelipwa kwa mtu asiyeifanya kazi iliyopotea.

Kila mkopeshaji na masharti yake

Wengi hawafahamu kwamba kiwango cha ulinzi anachopata mtu hutegemea pia ni nani aliyekopesha fedha za mradi. Benki ya Dunia ilianza kuwa na sera ya watu wanaohamishwa mwaka 1980, na masharti yake ya sasa, yaliyoanza kutumika mwaka 2018, yanaitaka miradi irejeshe mapato ya waliohamishwa angalau yafikie kiwango cha awali, wakiwemo wasio na haki ya kisheria juu ya ardhi wanayoitumia. Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na shirika la Japani la ushirikiano wa maendeleo, JICA, zina masharti yanayofanana na hayo. Reli ya SGR ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China, na wenyeji waliokuwa kwenye njia yake walitegemea zaidi sheria za Kenya. Katika eneo dogo la Miritini na Changamwe, ambako reli, barabara ya mchepuko na barabara kuu zinakaribiana, majirani wawili wanaweza kupoteza vitu vinavyolingana kisha wakapimwa kwa vipimo viwili. Nadhani hilo ni kosa la kisera ambalo Bunge linaweza kulirekebisha kwa kuweka kipimo kimoja cha urejeshaji wa riziki katika sheria ya nchi, kisichobadilika kwa kubadilika mkopeshaji.

Masharti mazuri nayo hayajitekelezi yenyewe. Mei 2015, tingatinga zilibomoa nyumba na vibanda vya watu Jomvu usiku ili kupisha upanuzi wa barabara ya Mombasa hadi Mariakani, ingawa wafadhili wa barabara hiyo walikuwa na sera zinazokataza watu kuhamishwa kwa nguvu. Shirika la Amnesty International liliandika habari za uhamisho huo, wakazi wakapeleka malalamiko kwenye kitengo cha malalamiko cha Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na upatanisho ukafanyika. Mwaka uliofuata Sheria ya Ardhi ilifanyiwa marekebisho na kuweka taratibu za kuwaondoa watu, ikiwemo notisi ya miezi mitatu. Wakazi wa Jomvu walipata pa kulalamikia kwa sababu mkopeshaji alikuwa na mlango wa malalamiko. Lakini wakati mazungumzo yakiendelea, wateja walikwisha kuzoea kununua kwingine.

Bahari haina hatimiliki

Wavuvi ndio kundi linalosahaulika kwa urahisi zaidi, maana hawana ardhi inayochukuliwa wala ukuta unaobomolewa. Hori ya Port Reitz, inayoingia ndani kutoka Kilindini hadi Tsunza na Mwache, ni maji yaliyokingwa. Msimu wa kusi unapochafua bahari kuu, mvuvi mwenye mtumbwi au ngalawa hawezi kutoka nje ya mwamba, kwa hiyo hutega madema na nyavu zake ndani ya hori na pembezoni mwa mikoko, ambako pia wanawake huokota chaza na kaa. Maji yakichimbwa kina kwa ajili ya meli, yakachafuka kwa tope, au eneo likafungwa kwa sababu za usalama wa bandari, mvuvi huyo hapotezi samaki wachache tu. Hupoteza mahali pekee anapoweza kuvua kwa miezi kadhaa ya mwaka. Mtafiti akija kuhesabu mapato yake wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na kila mtu akivua nje, atatoka na jibu kwamba hori hiyo haina umuhimu mkubwa. Hesabu ya riziki ya mvuvi ikifanywa katika msimu mmoja, basi haijafanywa.

Mahakama za Kenya zimeanza kuliona hilo. Mwaka 2018, katika kesi kuhusu bandari mpya ya Lamu, Mahakama Kuu ilitambua haki za wavuvi wa kienyeji na kuagiza fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Uamuzi huo ni wa maana kubwa kwa Pwani nzima, kwa kuwa ulitamka kwamba mtu anaweza kuwa na haki juu ya kitu asichokimiliki. Malipo yenyewe yalichukua miaka ya mvutano na mazungumzo, na sehemu yake ilikubaliwa itolewe kwa vyombo na zana za uvuvi badala ya fedha taslimu. Mpango wa zana una faida iwapo mvuvi ndiye anayechagua zana. Boti kubwa ya mashine inahitaji nahodha, mafuta, fundi na soko, na kikundi kilichopewa boti bila vitu hivyo vinne kitaiona ikioza ufuoni.

Ipo pia hasara isiyohusu ardhi wala maji. Mwaka 2019 Serikali ilipoagiza shehena zinazokwenda Nairobi zisafirishwe kwa SGR, madereva wa malori, maturniboi, mafundi wa matairi, wenye yadi za makontena na wauza chakula wa barabara ya Mombasa hadi Mtito Andei na kwingineko walipoteza kazi bila nyumba zao kuguswa, na Mombasa ikashuhudia maandamano ya mara kwa mara. Agizo hilo liliondolewa Septemba 2022. Hakuna kati yao aliyehesabika kuwa ameathiriwa na mradi, kwa maana orodha za waathiriwa huandikwa kwa kufuata mpaka wa ardhi iliyochukuliwa.

Kazi yenyewe ikoje

Kurejesha riziki huanza kwa kuandika riziki ilivyo kabla haijaguswa. Hii ni kazi ya nyumba kwa nyumba inayouliza nani anapata nini, kutoka wapi, katika miezi ipi, na nani mwingine anayeitegemea. Orodha hiyo inapaswa kuwa na mpangaji, mwajiriwa wa kibanda, mgema asiye na mnazi wake, na mchukuzi wa samaki, wote kwa majina yao. Baada ya hapo unakuja msaada wa mpito, yaani fedha au chakula cha kila mwezi katika kipindi ambacho kazi mpya bado haijasimama. Msaada huu ndio unaokatwa kwanza bajeti ikibana, nami naona ndio muhimu kupita yote, kwa sababu bila huo familia huila fidia. Fedha zilizokusudiwa kununua shamba Kwale au Kilifi huishia dukani, na kufikia wakati huo bei ya mashamba imepanda, kwani waliohamishwa wote wanatafuta ardhi kwa wakati mmoja na madalali wanajua.

Mafunzo ya ufundi hupendwa na wapangaji wa miradi kwani hupigwa picha kwa urahisi. Wiki mbili za kushona au kutengeneza sabuni hazimgeuzi mvuvi wa miaka hamsini kuwa fundi cherehani, na hata vijana huhitaji mtaji, vyeti na mtu wa kuwaajiri. Kazi za ujenzi wa mradi wenyewe husaidia kweli, ila huisha pamoja na ujenzi. Lililo na matokeo bora ni kumrudisha mtu katika kazi anayoijua, mahali penye wateja. Kando ya reli ya zamani katika Kibera na Mukuru, jijini Nairobi, mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia uliwahesabu waliokuwa wakiishi na kuuza bidhaa kwenye hifadhi ya reli, kisha ukawajengea nyumba na vibanda karibu na palepale. Kubaki karibu ndiko kulikookoa biashara. Mchuuzi wa Changamwe akipewa kibanda cha saruji mahali pasipopita mtu, amepewa ghala.

Muda nao haupunguziki. Wanaanthropolojia Elizabeth Colson na Thayer Scudder walianza mwaka 1956 kuwafuatilia Watonga wa bonde la Gwembe, ambao takriban 57,000 kati yao walihamishwa kupisha bwawa la Kariba kwenye mto Zambezi, na wakaendelea kuwatembelea kwa miongo. Walichokiona ni kwamba miaka ya kwanza baada ya kuhama ni ya kujikinga: watu hushikilia wanachokijua, hawathubutu kujaribu mapya, na mapato hushuka. Kuinuka, kukiwapo, huja baadaye sana. Mradi unaofunga ofisi yake miezi sita baada ya kulipa fidia unaondoka katikati ya kipindi kibaya zaidi, na ripoti yake ya mwisho haiwezi kusema kitu cha kutegemewa kuhusu riziki. Kipimo cha haki ni kurudi kwa familia zilezile, kwa dodoso lilelile, mwaka wa tatu na wa tano, na bajeti ya marekebisho ikiwa bado ipo.

Kuna hatua moja zaidi ambayo haijafanywa ipasavyo hapa kwetu, nayo ni kuwapa waliohamishwa sehemu ya mapato ya mradi. Bwawa la Mwache, katika Kinango, Kaunti ya Kwale, linakusudiwa kuiletea Mombasa maji. Sisi wa Mombasa tutayanywa na kuyalipia kila mwezi, na walioacha mashamba yao ili bwawa lijengwe wako upande wa pili wa mpaka wa kaunti. Sehemu ndogo ya ankara ya maji, ikipelekwa katika mfuko wa vijiji hivyo kwa mujibu wa sheria, ingekuwa kipato kisichokoma kama kile cha mnazi, na isingetegemea huruma ya bajeti ya mwaka wowote.

Kwa anayeishi sasa katika njia ya mradi, ushahidi wa riziki unapaswa kukusanywa mapema, kabla ya tarehe ya kikomo: taarifa za M-Pesa za miezi mingi, risiti za kodi ya ardhi, leseni ya kaunti, daftari la madeni, kadi ya kikundi cha wavuvi, picha za kibanda wateja wakiwapo, na majina ya majirani watakaoshuhudia. Hati iliyobaki na jina la marehemu ipelekwe kwa Kadhi au mahakamani kabla ya tangazo kutoka katika Gazeti Rasmi. Asiyeridhika anaweza kwenda kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kwenye baraza maalumu la rufaa la utwaaji wa ardhi, au katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mlango wa nne ni kitengo cha malalamiko cha mkopeshaji, na huo una tarehe za kufungwa zinazotegemea hali ya mkopo, kwa hiyo swali la nani anakopesha na mkopo unaisha lini linafaa kuulizwa, na jibu lake kuandikwa katika kumbukumbu, katika mkutano wa kwanza wa wananchi na maofisa wa mradi.